Punda akisimama njiani

Kijana mmoja wa Mbagala amemchukua punda aliyetelekezwa na mwenye mkokoteni, mgongo umejaa vidonda. Anauliza: mnyama huyu mkaidi, akigoma njiani, apigwe kiasi gani?

Kwanza tuliondoe hilo neno ukaidi. Farasi akishtuka hukimbia. Punda husimama alitazame jambo. Ukimpiga hapo unamthibitishia kuwa hatari ipo kweli. Tena punda huficha maumivu. Akionekana kususa chakula, ameumwa siku nyingi, aitwe daktari wa mifugo. Wenzetu wa Lamu wana kituo cha kutibu punda tangu 1987.

Mtume (SAW) alipanda punda aitwaye Ufayr, Muadh bin Jabal (RA) akiwa nyuma yake. Na alipomwona punda aliyechomwa chapa usoni, alimlaani aliyefanya hivyo, kama ilivyo katika Sahih Muslim. Sisi tunampiga kichwani na masikioni, kisha tunawahi safu ya mbele swala ya Alasiri! Hata dola ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008, ingawa sijui ni mitaa mingapi imewahi kuisikia.

Basi, asibebeshwe chochote mpaka vidonda vipone kabisa. Apewe maji safi, nyasi kavu na banda lisilovuja, kwani manyoya yake hayazuii mvua kama ya farasi. Kwato zichongwe kila baada ya wiki 6 hadi 10. Na asifungwe peke yake. Punda hushikamana na mwenzake. Wakitenganishwa anaweza kuacha kula hadi akaugua.