Mtama, Maji na Siku Kumi

JUMATANO

Soma Danieli 1:8-16. Danieli aliomba nini, na matokeo ya ombi lake yalipimwaje?

Katika Biblia ya Kiswahili ya Union Version, Danieli na wenzake waliomba kupewa mtama na maji. Neno la Kiebrania lililotumika hapo lina maana pana zaidi: vyakula vitokanavyo na mbegu. Kwa msomaji wa Shinyanga au Geita vyakula hivyo si vigeni. Mtama, dengu, choroko, kunde na karanga hulimwa katika eneo hilo. Lakini alfajiri, kuanzia Kahama hadi Nyarugusu, mchimbaji anayewahi kazini hukuta kwa mama lishe maandazi, chapati na chai yenye sukari.

Kwa mwenye kisukari cha aina ya pili, mlo huo ni mzigo. Mwili wake hautumii vizuri insulini, na alfajiri ini lake huongeza sukari kwenye damu hata kabla hajala. Maandazi ya unga mweupe huongeza nyingine kwa haraka. Wako waumini walioacha majani ya chai wakahamia mchaichai, lakini sukari wameibakiza. Vijiko vitatu vidogo ni gramu 12 hivi, hata kama kikombe hakina majani ya chai.

Kifungua kinywa bora hakihitaji vyakula vya dukani. Bakuli la kunde, choroko au maharage, mboga za majani, na kipande kidogo cha kiazi kitamu cha kuchemsha au ugali wa dona vinatosha. Yai, karanga chache au maziwa mgando yasiyotiwa sukari vinaweza kuongezwa. Michembe na matobolwa ni chakula kizuri cha Wasukuma, ila vimekaushwa. Hata kiasi kidogo kina wanga mwingi. Uji wa mtama nao hupandisha sukari ukisagwa laini na kunywewa bakuli kubwa. Jina la chakula halitoshi. Kiasi nacho huhesabiwa.

Soma 1 Wafalme 19:5-8. Kwa nini malaika alimwamsha Eliya ale kabla ya safari?

Mungu hakudharau mwili wa nabii wake. Anayetumia insulini au dawa kama glibenklamidi asimeze au kuchoma dawa kisha akaenda Shule ya Sabato au kushuka shimoni bila kula. Sukari inaweza kushuka mno: atatetemeka, atatokwa jasho, atachanganyikiwa, hata kuzimia. Hali hiyo ikianza, apewe upesi sukari au kinywaji chenye sukari akiwa bado anaweza kumeza. Kanisa linapotangaza kufunga na kuomba, mgonjwa huyu azungumze kwanza na mhudumu wa afya. Akiambiwa asifunge, imani yake haijapungua.

Tena Danieli hakukataa kupimwa. Alikubali siku kumi na macho ya msimamizi. Vivyo hivyo, kumwamini Mungu hakuondoi kipimo cha sukari wala dawa. Kipimo cha kabla ya kula kinachofika 7.0 au zaidi, na kikirudiwa kikawa vilevile, huonyesha kisukari. Anayebadili mlo wake aendelee kupima, na dawa apunguziwe na daktari, asijipunguzie mwenyewe.

Danieli pia hakusimama peke yake, walikuwa wanne. Ni vigumu mgonjwa kula kunde peke yake huku nyumba nzima ikila maandazi. Familia ikila naye mlo mmoja, hajioni ametengwa, na watoto nao hujifunza kiasi mapema.

Je, ni nani nyumbani au kanisani kwako anayeishi na kisukari? Ni badiliko gani moja mnaloweza kulifanya pamoja kwenye meza ya asubuhi kwa siku kumi zijazo?