MAJI YA KIWANDANI SI MBOLEA



Kiangazi cha Bariadi tunakijua. Mito hubaki mchanga, na mama mwenye bustani ya mchicha hutazama kila penye maji. Likitokea dimbwi la maji machafu karibu na kiwanda, wapo wanaosema: "Yazimue kwa maji safi, hiyo ni mbolea." Mwezi huu tulichunguze neno hilo, maana mboga hizo ndizo tunazowalisha watoto wetu.

Maji hayo yana nini?

Mimea huhitaji naitrojeni, fosforasi na potasiamu. Ni kweli kwamba maji ya machinjio yana virutubisho hivyo, ingawa yana pia vijidudu vya maradhi. Lakini maji ya kiwanda cha ngozi huwa na chumvi nyingi na kromiamu. Maji ya kuchenjulia dhahabu huwa na zebaki au sayanaidi. Maji ya betri yana tindikali na risasi. Hayo si chakula cha mimea.

Je, kuyazimua hakusaidii?

Tufanye hesabu. Ndoo moja ina kijiko kimoja cha sumu. Ukiizimua ikawa ndoo kumi, kila ndoo ina sumu kidogo. Lakini ukizimwaga zote kumi kwenye tuta lilelile, kijiko kizima kimeingia ardhini. Maji hukauka, risasi na zebaki hubaki, wala haziozi. Kila kiangazi huongezeka. Kupika mboga hakuziondoi.

Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulikuta risasi na kadimiamu katika mboga zilizolimwa kando ya mito ya Sinza na Msimbazi, Dar es Salaam. Kwa macho, mboga za namna hiyo huweza kuwa za kijani na za kupendeza.

Madhara yake

Risasi hupunguza damu na kudhoofisha akili ya mtoto, akawa mzito wa kujifunza. Zebaki hudhuru mishipa ya fahamu na mtoto aliye tumboni. Madhara huja polepole, hivyo wengi hawajui yametoka wapi.

Tufanye nini?

1. Tutumie samadi ya zizini iliyooza vizuri. Ng'ombe tunao.
2. Mkojo wa ng'ombe tuuzimue, kikombe kimoja kwa vikombe kumi vya maji, tuumwagie udongoni, si juu ya majani.
3. Tufunike matuta kwa nyasi ili unyevu udumu.
4. Pampu ya dawa ya pamba tusiioshee mtoni wala lamboni.
5. Tukiona kiwanda kinamwaga maji machafu, tumwarifu Afisa Afya au serikali ya kijiji. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza uchafuzi huo.

Ardhi tumekabidhiwa tuitunze, na watoto wetu wataila baada yetu.

Maswali ya Jumuiya

1. Bustani zetu za kiangazi zinamwagiliwa maji ya wapi?
2. Nani atamsaidia jirani asiye na ng'ombe kupata samadi?