Simu Yenye Laini Mbili: Tutunze Chaji Yake



Wengi wetu sasa tuna simu. Tunaitumia kuulizia bei ya kahawa, kupokea fedha kutoka kwa watoto walioko mjini, na kutafuta chombo cha kumpeleka mgonjwa hospitali. Lakini simu isiyo na chaji ni sawa na taa isiyo na mafuta. Ipo, ila haimuliki.

Katika vijiji vya kando ya Ziwa Nyasa, kuanzia Lituhi, Liuli, Mbamba Bay hadi Chiwindi, na huko juu milimani Mbinga, kuna jambo linalowashangaza watu. Simu ile ile, betri ile ile, ikiwa mjini chaji inakaa siku kadhaa. Ikirudi kijijini, jua halijazama chaji imekata! Wengine husema betri ni mbovu. Wengine humlaumu fundi. Mara nyingi si betri wala si fundi. Hebu tujifunze sababu yake.

SIMU HAILALI

Wewe unapolala, simu yako hailali kabisa. Kila baada ya kitambo kidogo sana inaamka, inasikiliza mnara kama kuna mtu anayekupigia, kisha inasinzia tena. Kazi hii ni ndogo. Ikiwa mnara uko karibu, inakula chaji kidogo tu.

Shida inaanza mnara ukiwa mbali, au ukiwa nyuma ya mlima. Uso wa Ziwa Nyasa uko mita 470 hivi kutoka usawa wa bahari. Umatengo kuna sehemu zinazozidi mita 1,500. Mawimbi ya simu hayapenyi mlima. Kwa hiyo kijiji kilicho chini ya mlima kinaweza kukosa mtandao, hata kama mnara hauko mbali sana kwa hatua.

MAMBO MANNE YANAYOKULA CHAJI

1. Kupaza sauti. Mvuvi akisema na mwenzake ndani ya mtumbwi mmoja, ananong'ona. Mwenzake akiwa ufukweni, inambidi apige kelele. Simu nayo ni hivyo hivyo. Mnara ukiwa karibu, inatuma kwa nguvu kidogo. Mnara ukiwa mbali, inatuma kwa nguvu nyingi, na nguvu hiyo inatoka katika betri.

2. Kutafuta. Simu iliyopoteza mtandao haikai kimya. Inatafuta na kutafuta, kama mtu aliyepotelewa na mbuzi wake. Mtafutaji huchoka, na betri huchoka pia.

3. Laini mbili. Simu yenye laini mbili inahudumia mitandao miwili. Laini ya kwanza ikiwa imeshika vizuri na ya pili haina mtandao, ile ya pili inaendelea kutafuta. Hivyo laini usiyoitumia inakula chaji ya laini unayoitumia.

4. Kuhamahama. Simu kubwa za kugusa kioo zinajua njia nyingi: 2G, 3G, 4G, na nyingine 5G, ambayo ilianza Dar es Salaam mwaka 2022. Mahali ambapo 4G inakuja na kupotea, simu inahama kwenda 2G, inarudi, inahama tena. Tena sisi tuko mpakani. Ng'ambo ya ziwa ni Malawi, na kusini ni Msumbiji. Mpakani simu inaweza kuvutwa na mnara wa nchi jirani. Hapo si chaji tu inayopotea. Salio nalo linaweza kwenda, maana kupiga simu kupitia mtandao wa nchi nyingine kuna bei yake.

Hata wataalamu wanaotengeneza simu za kuunganishwa na minara miwili kwa wakati mmoja wanahangaika na jambo hili. Dawa yao ni rahisi kueleweka: kiungo cha pili kilazwe, kiamshwe tu panapokuwa na kazi. Nasi tunaweza kufanya hivyo kwa mikono yetu.

TUFANYE NINI?

Kwanza, zima laini isiyo na mtandao. Ingia sehemu ya mipangilio, tafuta laini ya pili, uizime. Ukifika mahali inaposhika, iwashe.

Pili, ukienda mahali ambapo unajua hakuna mtandao kabisa, zima simu, au bonyeza alama ya ndege. Mvuvi anayekwenda mbali ziwani afanye hivyo. Kati ya Mei na Agosti upepo wa kusi huweza kuchafua ziwa ghafla. Simu iliyotafuta mtandao usiku kucha itakuwa imekufa wakati anaposogea pwani na kuhitaji msaada. Kabla ya kuondoka awaeleze watu wa nyumbani, wasije wakapiga bila kumpata wakaingiwa na hofu. Na simu aifunge vizuri ndani ya mfuko wa nailoni.

Tatu, kama unataka kuongea tu na 4G inayumba, chagua 2G. Kama 4G inashika vizuri, iache.

Nne, ukiwa mpakani, chagua mtandao wako mwenyewe kwa mkono. Usiiachie simu ikuchagulie.

Tano, zima data na blutuzi wakati huvitumii. Punguza mwanga wa kioo.

Sita, tafuta mahali nyumbani ambapo mtandao unashika vizuri, simu ikae hapo. Mahali pabaya, tuma ujumbe mfupi badala ya kuongea kwa muda mrefu.

Saba, usianike simu juani. Joto linaua betri.

Lakini tuangalie! Kutunza chaji si kuzima simu ovyo. Nyumba yenye mama mjamzito aliyekaribia kujifungua, au mgonjwa, iache laini moja iliyo nzuri ikiwa wazi usiku na mchana. Tunaweka akiba ili simu iwe hai siku ya haja.

TUPIGE HESABU

Tuseme kuchaji simu dukani ni shilingi 500. Mama mmoja anachaji kila baada ya siku 2. Kwa siku 30 anachaji mara 15.

15 × 500 = shilingi 7,500.

Akazima laini asiyoitumia, na data pia. Sasa anachaji kila baada ya siku 3, yaani mara 10.

10 × 500 = shilingi 5,000.

Ameokoa shilingi 2,500 kwa mwezi. Kwa mwaka je? Zidisha mwenyewe kwa 12.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini simu inakula chaji zaidi mnara ukiwa mbali?
2. Katika kijiji chenu, mtandao upi unashika vizuri, na mahali gani?
3. Nani katika nyumba yenu hapaswi kuzima simu, na kwa sababu gani?

Msomee jirani yako somo hili. Kisha chukueni simu zenu, mjaribu jambo la kwanza leo hii.