Bima ya Maisha: Mambo ya Kufanya na Kutofanya Baada ya Msiba

Musoma, Bunda na Butiama, familia nyingi hukumbuka bima ya marehemu baada ya kuanua matanga, wakati mjane na mashemeji wameshaanza kutazamana kwa shuku. Fedha hizo marehemu alizilipia akiwa hai, kwa ajili ya watu aliowataja kwa majina. Ziwafikie hao.

FANYA

1. Andikisha kifo ndani ya siku 30. Aliyefia hospitali, chukua taarifa ya kifo hapo hapo. Aliyefia nyumbani, anzia kwa mtendaji wa kijiji au mtaa. Aliyezama ziwani, pata pia ripoti ya polisi. Kisha fuatilia wilayani cheti cha kifo cha RITA, wakala wa usajili. Kibali cha mazishi si cheti cha kifo.
2. Iarifu kampuni ya bima kwa maandishi, ukitaja namba ya mkataba. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.
3. Ulizeni benki, SACCOS na mwajiri. Mikopo mingi ya walimu na wauguzi ina bima, na mkopaji akifa bima hiyo ndiyo hulipa salio. Msiuze ng'ombe kulipa deni kabla ya kuuliza.
4. Kama hakuna mnufaika aliyetajwa, fungueni mirathi mahakamani ili ateuliwe msimamizi.
5. Madai yakikataliwa, dai sababu kwa maandishi. Usiporidhika, nenda TIRA, mamlaka inayosimamia bima, Kanda ya Ziwa, Mwanza, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

USIFANYE

1. Usimnyang'anye mjane hati. Kikao cha ukoo hakina mamlaka ya kufuta jina lililoandikwa kwenye mkataba.
2. Usiguse fungu la mtoto aliye chini ya miaka 18. Anayelipokea kwa niaba yake analitunza tu, si lake.
3. Usimkabidhi kishoka vyeti halisi wala kumwahidi asilimia.
4. Usidanganye kuhusu chanzo cha kifo. Uongo mmoja unaweza kuwakosesha watoto malipo yote.
5. Usisaini kwamba umelipwa kiasi chote kabla ya kusomewa na kuelewa.

Nawe uliye hai na una bima: umeoa, umeachika au umepata mtoto tangu ulipoikata? Nenda wiki hii ukarekebishe majina ya wanufaika, kisha umwonyeshe mtu unayemwamini hati ilipo.