Somo la kiangazi: Kupokea wageni wakati wa baridi bila kuharibu afya wala akiba ya nyumba

Mvua zimekatika, vumbi limeanza kupanda, na asubuhi watoto wanatoka nje wamejifunga vitenge vya mama zao. Huu ndio wakati ambao Warundi wanauita *ici*, yaani kiangazi, kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane. Ni wakati wa baridi, na pia ni wakati wa wageni. Mambo hayo mawili yakikutana katika nyumba moja ndogo ya kambini, yanaleta furaha, na mara nyingine yanaleta hasara. Somo hili ni la mama, baba na vijana wote. Lisomeni pamoja, na anayejua kusoma amsomee asiyejua.

Baada ya somo hili utaweza:
– kueleza kwa nini huku kunakuwa baridi;
– kupanga chakula cha wageni bila kuuza mgao wa mwezi;
– kupika kwa kuni au makaa kidogo;
– kulinda watu wako na sumu ya makaa, na kutambua dalili za hatari kwa mtoto anayekohoa.

1. Baridi hii inatoka wapi?

Wengi wetu tumetoka Uvira, Baraka na Fizi, kando ya Ziwa Tanganyika. Ziwa liko kwenye kimo cha mita 770 hivi juu ya bahari. Gasorwe na Muyinga mzima, pamoja na vilima vya Gishubi kule Gitega, viko juu zaidi. Mji wa Gitega peke yake uko karibu mita 1,500. Kwa kawaida, ukipanda mita 1,000 joto linapungua kwa nyuzi 6 hivi. Ndiyo maana aliyezoea kulala kifua wazi Uvira anatetemeka huku.

Sababu ya pili ni anga. Wakati wa mvua mawingu yanafunika nchi kama blanketi. Wakati wa kiangazi mawingu hakuna, na joto lote la mchana linapanda juu usiku. Mwezi wa saba, usiku wa Gitega unaweza kushuka mpaka karibu nyuzi 12. Mchana jua linachoma, usiku mtu anatafuta moto. Kumbuka neno hilo, "anatafuta moto", tutalirudia.

2. Siku za wageni

Tazama kalenda. Tarehe 20 mwezi wa sita ni Siku ya Wakimbizi Duniani, inayoadhimishwa tangu mwaka 2001. Tarehe 30 ni uhuru wa Kongo, uliopatikana mwaka 1960. Kesho yake, tarehe 1 mwezi wa saba, ni uhuru wa Burundi, uliopatikana mwaka 1962. Hizo ni sikukuu tatu ndani ya siku 12. Baadaye zinakuja harusi, kwa sababu wengi wanaoa wakati wa kiangazi: mavuno yapo na mvua haisumbui. Shemeji anatoka kambi nyingine, jirani Mrundi uliyemlimia shamba anapita kukusalimu. Nani atamfukuza mgeni?

Wazee walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Ni kweli. Mtu aliyepoteza nyumba, shamba na ng'ombe, siku akipokea mgeni anajisikia tena kuwa mwenye nyumba. Jambo hilo si dogo, na somo hili halikuambii uliache. Linakuuliza tu: baada ya mgeni kuondoka, watoto watakula nini?

Nitakuambia ya kwetu. Mwaka tuliofika kambini nilikuwa na miaka 12. Kwa ajili ya tarehe 30, baba aliuza mafuta yote ya mgao na nusu ya maharagi. Alinunua kreti ya bia na nyama ya mbuzi. Wageni walikuja, waliimba, walimsifu. Mama hakusema neno. Kuanzia siku ya tatu ya mwezi wa saba mpaka mgao uliofuata tulikula bugali na chumvi, mara moja kwa siku. Mdogo wangu wa mwisho alipopimwa mkono kwa ule mkanda wa rangi, ulisoma manjano, yaani kati ya sentimita 11.5 na 12.5. Nyekundu ilikuwa karibu. Baba aliutazama ule mkanda muda mrefu. Hakuwa mtu mbaya. Alitaka kuwa mwenye nyumba siku moja, na alilipa kwa mkono wa mtoto wake. Mdogo wangu alipona, na tangu mwaka ule mgao wa kwetu hauuzwi kwa sikukuu.

3. Sahani ya mgeni

Wengi wanafikiri bila nyama mgeni hakupokelewa. Tufikiri vizuri. Mahindi peke yake hayajengi mwili vya kutosha, na maharagi peke yake yana upungufu wake. Yakiliwa pamoja, moja linajaza pengo la lingine. Ukiongeza ndagala umepata nguvu ya samaki, na mifupa yao midogo inayotafunwa ina madini ya kuimarisha mifupa ya watoto. Ukiongeza mboga za majani umepata damu. Mafuta mekundu ya mawese yanatoa vitamini A ya kulinda macho.

Kwa watu 8, panga hivi:
– unga wa bugali kilo 2;
– maharagi makavu kilo 1;
– vifungu 4 vya lengalenga au matembele;
– ndagala vikombe 2;
– kitunguu, nyanya, chumvi, na mafuta ya mawese vijiko 6 vya kulia;
– ndimu au machungwa kwa kila mtu, kama yapo.

Mboga wakati wa kiangazi zinapatikana mabondeni. Warundi wanalima mabonde yenye maji wakati huu ambapo vilima vimekauka. Siku moja ya kumsaidia jirani bondeni inaweza kukupatia mboga za wiki. Ndimu si pambo: inausaidia mwili kuchukua madini ya damu yaliyo ndani ya maharagi na mboga. Chai inafanya kinyume. Kwa hiyo mpe mgeni chai ya tangawizi anapofika, akiwa bado anatetemeka, na chakula kije baadaye, kama saa moja hivi.

Ukipika sombe, twanga vizuri na uchemshe muda mrefu, sufuria ikiwa wazi. Majani ya muhogo mabichi yana sumu, na sumu hiyo inatoka kwa kutwanga na kuchemsha. Muhogo mchungu nao usiuharakishe eti kwa sababu mgeni anakuja kesho. Menya, loweka siku 3 au 4, anika mpaka ukauke kabisa, ndipo utwange unga.

Akiba ya chakula hiki inatoka wapi? Haba na haba hujaza kibaba. Kuanzia mwezi wa nne, kila unapopika maharagi toa ngumi moja, weka katika kopo lenye kifuniko. Majirani watano wakifanya hivyo, kama likelemba ya chakula, sikukuu inapikwa pamoja: sufuria moja, moto mmoja, wageni wote. Hakuna atakayeaibika, na hakuna atakayeuza mafuta ya watoto.

4. Kuni kidogo, chakula kingi

Kuni ni shida, na wanaozifuata mbali ni mama na wasichana wetu. Kila kijiti unachookoa ni hatua ambazo msichana hakutembea.

(a) Loweka maharagi usiku kucha. Asubuhi mwaga maji yale, weka mengine. Yataiva upesi.
(b) Kausha na kupasua kuni ndogo ndogo. Kuni mbichi inatoa moshi badala ya moto.
(c) Funika sufuria, isipokuwa ya sombe.
(d) Tumia kapu la joto. Chukua kapu kubwa, tandika ndani majani makavu ya mgomba au blanketi kuukuu, pande zote na chini. Chemsha maharagi yaliyolowekwa kwa nguvu dakika 30 kamili. Usipunguze, kwa maana maharagi yasiyochemka vizuri, hasa mekundu, yanaumiza tumbo na kutapisha. Kisha weka sufuria iliyofunikwa ndani ya kapu, funika juu kwa mto wa nguo, na uache saa 4 bila kufungua. Kabla ya kula chemsha tena. Muda ule wote moto umezimwa na mama amekaa na wageni.

Kabla ya kula, mikono yote inanawa kwa maji yanayotiririka na sabuni. Usiwazungushie watu 10 beseni moja: wa mwisho ananawa uchafu wa tisa. Kibuyu chirizi, yaani kibidoni kidogo kinachoinamishwa kwa kamba ya mguu, kinatumia maji kidogo sana. Wakati wa kiangazi maji yanapungua, na kuhara kunapenda nyumba isiyonawa.

5. Mbabula hailali ndani

Sasa turudi kwa yule anayetafuta moto. Usiku baridi imekaza, mgeni amelazwa kwenye mkeka pamoja na watoto. Mbabula bado ina makaa mekundu. Mtu anafikiri: makaa haya hayana moshi, niyaingize ndani, nifunge mlango, watoto wapate joto.

Usifanye hivyo kamwe. Makaa yanayowaka yanatoa gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Huwezi kuiona, huwezi kuinusa. Ukiivuta inashika damu mahali pa hewa safi, na mwili unakosa hewa huku mtu akiendelea kupumua. Dalili za kwanza ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kulegea. Aliyelala hasikii dalili yoyote, anaendelea kulala tu. Makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayodanganya watu.

Ukikuta watu wamelegea katika nyumba yenye mbabula: fungua mlango, watoe wote nje kwenye hewa safi, ita majirani, wapeleke kituo cha afya hapo hapo. Usimpe chochote cha kunywa mtu aliyezimia.

Joto la usiku litafutwe hivi. Watu walale pamoja, watoto katikati. Weka mkeka au nyasi kavu chini ya godoro, kwa maana ardhi inanyonya joto kuliko hewa. Mfunike mtoto mchanga kichwa, na umlaze kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi. Chemsha maji, jaza chupa ngumu inayoziba vizuri, uizungushie nguo na kuiweka miguuni kwa mzee. Mbabula ibaki nje, imezimwa. Kiangazi nyasi na mahema vimekauka, cheche moja inachoma kartie nzima. Weka ndoo ya mchanga karibu na kila jiko.

Na pombe je? Wanasema inapasha mwili. Inapasha ngozi tu. Inaifungulia damu ikimbilie kwenye ngozi, joto linatoka nje, na mlevi anayelala njiani usiku wa mwezi wa saba anapoa upesi kuliko asiyekunywa. Mgeni akinywa, alale kwako. Usimwache atembee peke yake.

6. Mtoto anayekohoa

Baridi, vumbi, moshi na watu wengi katika chumba kimoja vinaleta kikohozi. Kikohozi kingi kinapona. Kinachoua ni nimonia. Mtoto akiwa ametulia, mfunue kifua na uhesabu pumzi kwa dakika moja kamili:
– chini ya miezi 2: pumzi 60 au zaidi ni hatari;
– miezi 2 mpaka 12: pumzi 50 au zaidi;
– mwaka 1 mpaka 5: pumzi 40 au zaidi.

Mpeleke pia upesi kama kifua kinabonyea chini ya mbavu anapovuta hewa, kama hawezi kunyonya au kunywa, kama anatapika kila kitu, kama ana degedege au amelegea. Usingoje wageni waondoke kwanza. Mgeni mwenye heshima atabeba mtoto pamoja nawe. Mtu mzima akikohoa wiki 2 au zaidi, apimwe kifua kikuu. Kupimwa si aibu.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Mwaka jana nyumba yako ilitumia nini kwa sikukuu, na watoto walikula nini wiki iliyofuata?
2. Nani katika kartie yenu anaweza kufundisha wengine kutengeneza kapu la joto?
3. Utamwambiaje baba mkwe anayetaka mbabula iingizwe ndani usiku, bila kumvunjia heshima?

Swali la tatu ni gumu, najua. Mimi namjibu hivi mkubwa wangu: "Baba, blanketi langu ni hili, chukua. Mimi nitalala na watoto." Hakuna mzee aliyekataa.

Nawatakia kiangazi chema. Wapokeeni wageni vizuri, na asubuhi wote waamke.