Mwandishi Katika Aya ya Deni



Ndugu zangu, mimi nasoma masomo ya Kiislamu, si uhasibu. Lakini nyumbani kwetu ni Gikondo, na likizo iliyopita nilipata kazi ya msaidizi wa mhasibu katika duka la vifaa vya ujenzi. Nyinyi mnaosoma biashara na uchumi pale kampasi ya Gikondo mnaijua kazi hiyo: kupanga risiti kwa tarehe, kuandika fedha ndogo ndogo zinazotoka, kulinganisha daftari na taarifa ya benki. Ndiyo ngazi ya kwanza, na wengi huidharau.

Niliingia nimehifadhi aya ya 282 ya Suratul Baqara, aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, inayohusu kuandika madeni. Allah (S.W.) anamwamrisha mwandishi aandike kwa uadilifu wala asikatae kuandika. Anatukataza kuchoka kuandika, deni liwe dogo au kubwa. (Mimi nauli za pikipiki za faranga 500 zilinichosha siku ya tatu tu.) Kisha kuna jambo nililolipita haraka darasani: anayetamka ya kuandikwa ni yule anayedaiwa. Haki inawekwa katika ulimi wa mwenye mzigo, na kalamu haimtumikii mwenye nguvu.

Wiki ya pili tajiri akaniletea daftari jingine. Wateja waliotaka bei nafuu, bila risiti ya mashine ya EBM, waandikwe humo.

Fikirini hesabu yake. Bidhaa ya faranga 100,000 ina kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, hivyo mteja hulipa 118,000. Zile 18,000 hazikuwa za tajiri hata siku moja. Ni amana, anaishika ili aifikishe serikalini. Asipotoa risiti, amana hiyo anaila yeye, au anaigawana na mteja. Nami, mwenye aya kifuani, niliandika daftari lile siku kumi na mbili. Nilijiambia kuwa mimi si mwenye duka.

Kilichonisumbua ni mwisho wa aya, pale inapokataza madhara kumhusu mwandishi na shahidi. Wafasiri wameusoma mkato huo kwa njia mbili, kwa sababu kitendo chake katika Kiarabu kinabeba zote: mwandishi asidhuriwe, na mwandishi asidhuru. Mimi nilikuwa nimeshika ya kwanza tu. Nilihofia kufukuzwa.

Nilipomwendea tajiri, hakufoka. "Sawa mwanangu, nenda stoo ukahesabu saruji." Nikaona ni adhabu.

Aliyenifundisha pale stoo ni mhasibu wetu, dada aliyekuwa akijiandaa kwa mitihani ya CAT ya ICPAR, taasisi ya wahasibu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2008. Nia yake ni kuendelea hadi CPA. Aliniambia kuwa kanuni za maadili za wahasibu, zile za kimataifa, zinaanza na uadilifu, kabla ya ujuzi. Nikacheka kidogo. Nilidhani neno hilo ni letu peke yetu.

Kisha akanionyesha kazi. Chukua mifuko iliyokuwepo Jumatatu asubuhi, ongeza iliyoingia, toa iliyobaki Jumamosi jioni. Jibu ndilo mauzo ya wiki, hata kama hakuna aliyeandika chochote. Ndivyo mkaguzi anavyoanza, alisema, kwa hiyo usiidharau stoo ukitaka kufika huko.

Nikajaribu kwa wiki ile ya mwisho ya daftari langu. Ilikuwepo mifuko 200, ikaingia 300, ikabaki 140. Iliyouzwa ni 360. Nikajumlisha risiti mara mbili, zikaonyesha 310.

Dada akaniuliza mifuko 50 imekwenda wapi. Ilikuwa katika lile daftari jingine, kwa mwandiko wangu, na nikamwambia hivyo.