Chumba cha studio kikidanganya, masikio hulipa

Watu wengi wakisikia habari ya kuharibika kwa masikio hufikiria mashine za viwandani, matatu zenye muziki wa kishindo au disko za usiku. Ni wachache wanaomfikiria kijana aliyeketi peke yake katika chumba kidogo, mbele ya kompyuta na spika mbili, akitengeneza nyimbo, matangazo ya redio au mahubiri ya kanisa. Hata hivyo, kazi yake inaweza kumpotezea usikivu kama vile kazi ya mtu wa kiwandani.

Zamani mwanamuziki wa Nairobi alilazimika kwenda kwenye studio za River Road au za mashirika makubwa ili kurekodi wimbo. Siku hizi kompyuta moja hutosha, na studio zimehamia mitaani, nyingine katika vyumba vya kulala. Fundi hutafuta kila njia apate spika nzuri. Jambo asilolijali ni chumba chenyewe, na hapo ndipo matatizo ya masikio yake yanapoanzia.

Sikio hufanyaje kazi?

Sauti ni mtikisiko wa hewa. Mtikisiko huo hupiga kiwambo cha sikio, ukapitishwa na vifupa vitatu vidogo hadi sehemu ya ndani iliyojipinda kama konokono. Humo mna chembe zenye vinywele vidogo mno, ambazo hugeuza mtikisiko kuwa habari inayopelekwa kwenye ubongo.

Kila sikio lina chembe hizi zipatazo 16,000. Zikifa, hazioti tena. Hakuna dawa wala upasuaji wa kuzirudisha. Mashine za kusaidia kusikia huongeza sauti, lakini hazirudishi sikio la awali.

Madhara hutegemea mambo mawili: ukubwa wa sauti na muda wa kuisikiliza. Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, hushauri mtu asizidishe wastani wa desibeli 85 kwa saa 8 za kazi. Kila zinapoongezeka desibeli 3, muda unapaswa kupunguzwa nusu. Kwa hivyo desibeli 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa 1, na 100 ni dakika 15 tu. Hapa Kenya, kanuni za mwaka 2005 za kudhibiti kelele kazini hukataza mfanyakazi kukaa penye kelele inayozidi desibeli 90 kwa zaidi ya saa 8 kwa siku.

Fundi wa studio anaweza kukaa mbele ya spika saa 10 au 12, na hana msimamizi wa kumwambia apumzike.

Chumba kinavyodanganya

Spika za studio, ambazo mafundi huziita monita, hutengenezwa ili zitoe sauti bila kuipamba. Lakini sauti inayofika sikioni haitoki kwenye spika peke yake. Sehemu yake hugonga kuta, sakafu, dari na meza, kisha ikarudi ikiwa imechelewa kidogo. Sikio hupokea mchanganyiko wa zote.

Chukua mfano wa chumba cha futi 10 kwa futi 10, ambacho wengi wetu tunakijua. Upana wake ni kama mita 3. Besi ya mitetemo 56 kwa sekunde ina wimbi lenye urefu wa mita 6 hivi, yaani mara mbili ya upana wa chumba. Wimbi likigonga ukuta na kurudi, hukutana na jingine linalokuja. Katikati ya chumba mawimbi hayo huuana, na karibu na kuta huongezana. Kwa kuwa urefu na upana wa chumba hiki ni sawa, kosa hilo hutokea mara mbili.

Sasa fundi ameweka kiti chake katikati. Besi haisikiki vizuri. Anaiongeza, bado haitoshi, kisha anapandisha sauti yote. Wimbo huo ukichezwa ndani ya gari, besi inavuma hadi maneno hayasikiki. Fundi anarudi studio, anaanza upya, na saa nyingine 4 zinaongezeka juu ya masikio yake.

Kwa nini tunapandisha sauti?

Sababu nyingine iko katika maumbile. Mwaka 1933 watafiti Harvey Fletcher na Wilden Munson wa maabara ya Bell nchini Marekani walionyesha kwamba sikio husikia besi kwa udhaifu sauti inapokuwa ndogo. Sauti ikipandishwa, besi huonekana kujaa na muziki huwa mtamu zaidi. Ndiyo maana mkono huenda kwenye kitufe cha sauti bila mtu kufikiri.

Kisha masikio huchoka. Baada ya saa kadhaa za sauti kubwa, sikio hupungukiwa na uwezo wa kusikia sauti nyembamba. Fundi hudhani wimbo umefifia, akaongeza sauti hizo kali. Kesho yake, masikio yakiwa yamepumzika, anashangaa jinsi wimbo unavyochoma. Hali hii ikirudiwa mara kwa mara, uchovu wa muda hugeuka kuwa uziwi wa kudumu. Kwa kawaida huanzia kwenye sauti za mitetemo ipatayo 4,000 kwa sekunde, mahali zinapokaa herufi nyingi za usemi kama s, f na t.

Tayarisha chumba kwanza

Kabla ya kununua spika kubwa zaidi, fuata hatua hizi. Nyingi hazina gharama.

1. Ondoa kiti katikati ya chumba. Katika chumba cha futi 10, kaa umbali wa mita 1 na sentimita 15 hivi kutoka ukuta wa mbele. Hapo si mahali pa miujiza, ila ni pazuri pa kuanzia.

2. Pima kwa utepe. Spika mbili na kichwa chako viwe pembe tatu zenye umbali sawa, kwa mfano mita 1 kila upande. Ile sehemu ya spika inayotoa sauti nyembamba, yaani twita, iwe sawa na masikio yako. Umbali wa kuta za kushoto na kulia uwe mmoja. Ukikaa karibu na spika, utasikia sauti yake zaidi kuliko ya chumba, na hutahitaji kuipandisha sana.

3. Tumia kioo. Keti mahali pako, mwenzako apitishe kioo polepole ukutani. Pale unapoiona spika ndani ya kioo ndipo sauti inapogonga na kukurudia. Weka kizuizi cha kufyonza sauti hapo, pande zote mbili na kwenye dari.

4. Shughulikia pembe za chumba. Besi hujikusanya humo. Pamba ya mawe, ile pamba ngumu ya ujenzi, yenye unene wa sentimita 10 au zaidi na iliyofunikwa kwa kitambaa, husaidia sana. Vaa glavu na kitambaa cha pua unapoikata, kwani vumbi lake huwasha ngozi na koo.

5. Soma nyuma ya spika. Spika iliyo karibu na ukuta huongeza besi. Monita nyingi zina swichi ya kuipunguza.

Baada ya hapo ndipo upime. Kuna programu zinazofanya kazi hii kwa kipaza sauti maalumu cha kupimia, kama vile Room EQ Wizard, ambayo hupatikana bila malipo. Programu hutoa mlio unaopanda kutoka besi hadi sauti nyembamba, kisha huchora mstari unaoonyesha mahali palipozidi na palipopungua. Mahali palipozidi panaweza kupunguzwa kwa mitambo. Lakini pale ambapo mawimbi yanauana, usijaribu kujaza kwa kuongeza nguvu: utaichosha spika bure. Sogeza kiti au spika.

Tahadhari kuhusu trei za mayai

Studio nyingi hubandika trei za mayai au sponji za magodoro ukutani. Trei ya karatasi hupunguza kidogo tu sauti nyembamba. Haifyonzi besi wala haiwazuii majirani kusikia. Matokeo yake ni chumba ambacho sauti nyembamba imekufa na besi imebaki ikivuma, yaani kimeharibika zaidi.

Hatari kubwa ni moto. Mnamo Februari 20, 2003, katika klabu iitwayo The Station mjini West Warwick, Marekani, fataki ziliwasha sponji iliyobandikwa ukutani kwa ajili ya kupunguza sauti. Watu 100 walikufa. Chumba kidogo chenye nyaya nyingi, mlango mmoja na kuta za sponji au karatasi ni mtego.

Weka alama kwenye kitufe

Hatua ya mwisho ndiyo inayolinda masikio moja kwa moja. Kamati ya viwango vya televisheni ya Marekani, ATSC, hupendekeza kwamba katika chumba chenye ujazo usiofika mita 42, kila spika irekebishwe itoe desibeli 76 mahali pa kusikilizia.

Cheza mvumo wa majaribio uitwao pinki noizi, unaofanana na mvua inayonyesha kwenye majani, uliorekodiwa desibeli 20 chini ya kilele cha mtambo wa dijitali. Shika kipima sauti mahali kichwa chako kinapokaa, ukiweke kwenye kipimo cha C na mwendo wa polepole. Washa spika moja, pandisha hadi 76, kisha fanya vivyo hivyo kwa ya pili. Weka alama kwenye kitufe kwa rangi au karatasi ya gundi. Zote mbili zikilia pamoja utapata kama desibeli 79. Kwa wenye simu za iPhone, NIOSH ilitoa programu ya kupima sauti bila malipo mwaka 2017. Simu si sahihi kama kipima sauti halisi, lakini ni bora kuliko kubahatisha.

Fanya kazi kwenye alama hiyo au chini yake. Ukitaka kusikia wimbo kwa sauti kubwa, fanya hivyo kwa dakika chache, kisha rudi. Pumzika dakika 10 kila saa, mahali penye utulivu. Usitoke studio ukavaa hedifoni njiani.

Wasio na studio nao wanaweza kufaidika. Sebule yenye sakafu ya vigae, madirisha makubwa na kuta tupu hurudisha sauti vivyo hivyo, na ndiyo sababu maneno ya televisheni hayaeleweki hadi iongezwe. Zulia, pazia nzito na viti vya kitambaa huweza kupunguza haja hiyo.

Ni lini umwone daktari?

Nenda ukapimwe ikiwa masikio yanalia baada ya kazi na mlio hauishi hadi kesho yake, ikiwa unawaomba watu warudie maneno, au ikiwa sauti za kawaida zinakuuma. Sikio moja likiziba ghafla bila sababu, usingoje: mwone daktari siku hiyo hiyo, kwa maana matibabu yakicheleweshwa huenda yasifae.

Hata asiye na dalili, kama anafanya kazi ya sauti, afadhali apimwe usikivu kila mwaka na kuhifadhi matokeo. Upungufu huanza kidogo kidogo, na cheti cha mwaka jana kinaweza kuuonyesha kabla yeye mwenyewe hajautambua.